Aliyejenga juu ya ardhi ya mwenzake aachwe ang'oe boriti zake

Februari 28, 2026, kampuni ya Kimarekani iitwayo Niantic Spatial ilifunga milango ya karakana yake ijulikanayo kwa jina la 8th Wall. Naiita karakana kwa makusudi, kwani wabunifu wa nchi nyingi walikuwa wakiingia humo kwa njia ya mtandao, wakiunda kazi zao humo na kuziacha humo humo ili walimwengu wazitazame. Tangu siku hiyo hapana aliyeweza tena kuingia kuunda wala kurekebisha. Kazi zilizokwisha kuwa hewani zilipewa muhula wa mwaka mmoja zaidi, hadi Februari 28, 2027, kisha seva zizimwe. Yamkini baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watasema kwamba moto huo umewaka ng'ambo ya bahari na hautuhusu ndewe wala sikio. Nionavyo mimi, moshi wake umekwisha kuvuka, na watakaopaliwa kwanza ni walimu, watunzaji wa makumbusho na wachapishaji wa vitabu.

Kwa manufaa ya asiyeifahamu kazi yenyewe, nieleze kidogo. 8th Wall ilianzishwa mwaka 2016 huko Palo Alto, California. Ilishughulika na ile taaluma ambayo wengine huiita uhalisia ulioboreshwa na wengine uhalisia uliopanuliwa. Mimi, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu, napendelea kuuita uhalisia ulioongezwa, maana hapana kinachoboreshwa: kuna kitu kilichopo, na kuna kingine kinachoongezwa juu yake. Ukielekeza rununu yako kwenye meza tupu, kiooni utaona meza ile ile pamoja na jahazi limetia nanga juu yake. Ukiizunguka meza, jahazi nalo hukuonyesha ubavu wake wa pili. Siri yake ni kwamba kamera huteua nukta nyingi katika picha, pembe ya meza, doa la ukutani, ufa wa sakafu, na kuzifuatilia nukta hizo kutoka picha moja hadi nyingine mara nyingi kwa sekunde. Hesabu hiyo ikiunganishwa na vihisi vya mwendo vilivyomo ndani ya simu, mtambo hujua simu iko wapi na imeelekea wapi, na kwa hiyo hujua jahazi lichorwe wapi.

Wengine walikuwa wakiyafanya haya kabla ya 8th Wall, lakini aghalabu walimtaka mtazamaji apakue programu nzito kwanza. 8th Wall iliyafanya ndani ya kivinjari cha kawaida. Mtu hufungua anwani au huelekeza kamera kwenye kile kimraba cha madoadoa meusi, na mambo yakaanza. Kwa nchi kama yetu, ambako simu nyingi zina nafasi finyu na vifurushi vya data hununuliwa kwa kupimiwa, hilo halikuwa jambo dogo.

Basi urahisi huo ulikuwa na bei yake, nayo haikuandikwa kwenye orodha ya bei. Msimbo uliandikwa ndani ya karakana yao. Picha na sauti zilihifadhiwa katika seva zao. Anwani ambayo mtazamaji aliifungua mara nyingi ilikuwa chini ya jina lao. Na injini, ule mtambo wa kuhesabu nukta, ilikuwa yao na imefungwa kwa kufuli. Hata kama mbunifu angejinakilia kila alichokiandika kwa mkono wake, bila injini ile kazi yake ingekuwa sawa na kanda ya muziki mikononi mwa mtu asiye na kinanda cha kuichezea.

Hali hii si ngeni kwa mtu wa Mombasa. Katika mitaa kama Majengo, tangu zamani watu wamejenga nyumba juu ya ardhi isiyo yao. Nyumba ni ya fulani, ardhi ni ya fulani mwingine, na kila mwezi au kila mwaka mwenye nyumba hupeleka kodi ya ardhi kwa mwenye ardhi. Wanasheria waliolelewa katika sheria ya Kiingereza, inayoshikilia kwamba kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi, waliikuta kawaida hii ikawatatiza vichwa. Lakini pwani ilieleweka na kila mtu: nyumba yaweza kuuzwa, yaweza kurithiwa na wana, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Jambo ninalotaka msomaji alishike hapa ni moja. Kwa kawaida hiyo, mwenye ardhi anapoitaka ardhi yake, mwenye nyumba huondoka na boriti zake, mabati yake, madirisha yake, na mlango wa nakshi kama anao. Ardhi haikuwa yake, lakini boriti ni zake. Najua wapo waliobomolewa usiku bila kupewa hata muda wa kutoa godoro, na mashamba ya wenye mali wasiokuwapo bado ni donda bichi pwani. Huo ni ukiukaji wa kawaida, na kila anayeuona hujua kwamba ni ukiukaji.

Mbunifu aliyejenga kwenye jukwaa la mwenzake ni mwenye nyumba bila ardhi. Swali ni kama anazo boriti.

Tuangalie kwa nini 8th Wall ilifungwa, maana baadhi ya watu hudhani kwamba jukwaa hufa kwa kukosa wateja tu. Mwezi Machi 2022 ilinunuliwa na Niantic, kampuni iliyozaliwa ndani ya Google na kujitenga mwaka 2015, ambayo mwaka uliofuata iliwatoa watu majumbani kwa mchezo wa Pokémon GO. Machi 2025, Niantic ilitangaza kuiuza biashara yake ya michezo kwa kampuni ya Scopely, ambayo nayo ni mali ya shirika la michezo la Saudi Arabia, kwa dola bilioni 3.5. Kilichobaki kikawa kampuni mpya, Niantic Spatial, yenye shabaha nyingine kabisa: kutengeneza ramani za ulimwengu ambazo mashine na akili bandia zitaweza kuzielewa. Karakana ya wabunifu wa kivinjari ilijikuta imo katika nyumba ambayo mwenyewe amebadilisha biashara. Wenye nyumba juu ya ardhi ile hawakuwa wamekosa kulipa kodi. Mwenye ardhi alikuwa na mpango mwingine wa kiwanja chake.

Wala si kiwanja cha kwanza. Mjini Munich palikuwa na kampuni ya Metaio, mojawapo ya wakongwe wa taaluma hii. Apple iliinunua mwaka 2015, na kabla ya mwaka huo kwisha huduma zake kwa wabunifu zilikuwa zimesitishwa. Google iliuzima mradi wake wa Tango mwezi Machi 2018. Wikitude ya Salzburg, Austria, ilinunuliwa na Qualcomm mwaka 2021, na mwaka 2024 ikazimwa. Kubwa kuliko hayo lilikuwa jukwaa la Spark la kampuni ya Meta, lililotumiwa na mamia ya maelfu ya wabunifu kutengeneza vinyago na urembo wa kuweka juu ya nyuso katika Instagram na Facebook. Agosti 2024 ikatangazwa kwamba litafungwa, na Januari 14, 2025 kazi zote za watu wa nje zikaondolewa. Zile zilizotengenezwa na Meta yenyewe zilibaki. Muda uliotolewa kati ya tangazo na kufungwa haukufika miezi mitano.

Mwanaisimu akisoma matangazo ya namna hii, hawezi kujizuia kutazama sarufi yake. Kiingereza cha kampuni hakipendi kusema kwamba fulani amefunga jambo fulani. Husema kwamba jua la bidhaa linatua, au kwamba kazi inapunguzwa polepole kama saa inayomalizia kamba yake. Jua halitui kwa amri ya mtu, na kamba ya saa hulegea yenyewe. Mtendaji ameyeyuka. Kiswahili nacho kina nyenzo ya kufanya hivyo, tena nzuri. Tunasema kikombe kimevunjika, bila kumtaja mtu, na tunasema kikombe kimevunjwa, ambapo hata tusipomtaja aliyevunja sarufi yenyewe inadai kwamba yupo. Mtoto mwenye hatia hukimbilia kauli ya kwanza. Mama mwenye kikombe hushikilia ya pili. Nimeona matangazo ya huduma za mtandao yaliyofasiriwa kwa Kiswahili yakisema huduma "haipatikani tena", kana kwamba imepotelea sokoni. Nawaomba wafasiri wenzangu watumie kauli ya kutendwa. Huduma imefungwa. Anayesoma hivyo atauliza imefungwa na nani na kwa nini, na akishauliza atataka kujua pia kilichokuwamo ndani kimepelekwa wapi.

Nitoe mfano ulio karibu nami. Miaka michache iliyopita wanafunzi wangu wawili wa uzamili walibuni chombo cha kufundishia lahaja. Mwanafunzi wa shule huelekeza simu kwenye vyombo vya jikoni, mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, kifumbu, ungo, na simu huandika jina juu ya chombo na kulisoma kwa sauti. Mguso mmoja humletea sauti ya bibi wa Lamu, mguso wa pili sauti ya bibi wa Mvita. Mtoto wa Nakuru au wa Kisumu, aliyefundishwa kwamba Kiswahili ni kimoja kama sare ya shule, husikia kwa mara ya kwanza mtu akisema mtele badala ya mchele, ndia badala ya njia, na mato badala ya macho, tena akisema bila haya. Nimehudhuria mihadhara mingi ya isimujamii isiyofanya kazi hiyo kwa ufasaha wa dakika zile tatu.

Kazi ile iliundwa katika jukwaa la kukodi ambalo sitalitaja, wala si hili ninalolizungumzia leo. Jukwaa lilipofungwa, kilichookoka kilikuwa sauti, kwa sababu mmoja wa wanafunzi hao alikuwa amelelewa na baba fundi wa redio na hakuamini kitu asichoweza kukishika mkononi. Kila sauti ilikuwa na nakala katika diski mbili, moja kabatini mwangu. Kilichopotea ni mpangilio: kipi kinatokea juu ya kipi, kwa ukubwa gani, kwa mguso upi, baada ya sekunde ngapi. Wasiofanya kazi hizi watasema hilo ni dogo. Kazi ya miezi minne ilikuwa ndani ya mpangilio huo. Nao mabibi wawili, mmoja wao amekwisha kutangulia mbele ya haki. Laiti sauti zingelikuwa zimewekwa katika seva ya kukodi peke yake, hakuna injini duniani ambayo ingeturejeshea.

Sisi tushughulikao na Kiswahili cha kale tumezoea hifadhi ya aina nyingine. Muswada wa Utendi wa Tambuka, ambao tarehe yake ni ya mwaka 1728, bado husomeka. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya Mwingereza Taylor, na karatasi zake zimo London hadi leo. Mtu aweza kulalamika, nami hulalamika, kwamba urithi wetu uko ugenini. Hata hivyo karatasi ile haihitaji injini. Anayejua hati za Kiarabu huifungua na kuisoma, na maktaba ikibadilisha shabaha yake wino hautafutika siku hiyo. 8th Wall, tangu kuanzishwa hadi milango kufungwa, haikutimiza miaka kumi na moja.

Haki itendeke, kampuni hii imefunga kwa ustaarabu kuliko wengi waliotangulia. Ilitoa taarifa mapema. Iliwapa wabunifu njia ya kutoa miradi yao kabla ya milango kufungwa. Sehemu kubwa ya msimbo ikaachiliwa wazi kwa yeyote autakaye. Injini yenyewe ya kutambua mahali haikufunguliwa, lakini ilitolewa ikiwa imefungashwa, kwa namna ambayo mtu aweza kuitumia katika seva yake mwenyewe ingawa hawezi kuona ndani yake. Kwa lugha ya Majengo, mwenye ardhi aliwaambia wapangaji wang'oe boriti zao, akawaazima na ngazi. Anayebaki na mashaka, nami ni mmojawapo, hujiuliza kitakachotokea simu na vivinjari vitakapobadilika baada ya miaka mitano na kufungashio kile kikawa hakiingiliani navyo tena. Asiyeruhusiwa kuona ndani ya mtambo hawezi kuutengeneza. Lakini tusiwe watu wa kunung'unikia hata wema.

Lililo gumu zaidi ni lile lililokwisha kuchapishwa. Vile vimraba vya madoadoa vimetiwa katika makasha ya bidhaa, mabango ya makumbusho, kadi za harusi na vitabu vya watoto. Kimraba ni anwani tu, na kikishapigwa chapa hakibadiliki. Mbunifu aliyetumia anwani iliyo chini ya jina la 8th Wall, siku seva zinapozimwa kitabu chake kitakuwa na mlango unaofunguka ukutani. Aliyetangulia kununua jina lake mwenyewe la tovuti na kulipitisha hilo, huielekeza anwani ile ile kwenye makao mapya, na msomaji hatajua kwamba kuna aliyehama. Gharama ya jina hilo kwa mwaka haifiki bei ya vitabu vichache vya kiada. Nimeona vitabu vya shule vya hapa nchini vikianza kutia vimraba hivi kurasani kwa fahari kubwa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ambayo huvikagua vitabu kwa makini hadi kwenye nukta na vituo, ingefaa ijiulize pia kimraba hiki kinaelekea kwenye ardhi ya nani, na kitabu kitadumu darasani miaka mingapi.

Wapo watakaoniambia, Daktari, basi tujenge jukwaa letu wenyewe. Kauli hiyo hupendeza jukwaani na hupigiwa makofi. Injini ya aina ile ni kazi ya wahandisi wengi kwa miaka mingi, na chuo ambacho hukaa wiki mbili kikingoja wino wa mashine ya kuchapia hakiwezi kuianza Jumatatu. Kupanga si aibu. Mombasa ilijengwa na wapangaji. Wengine watasema kwamba haya yote yalikuwa bure au karibu na bure, na farasi wa kupewa hachunguzwi meno. Ningelikubali kama aliyetoa farasi hakuwa pia amepata kitu. Mwenye ardhi aliyewakaribisha wajenzi alipata mji juu ya kiwanja chake, na thamani ya kiwanja ikapanda, ndipo akapata wa kumuuzia.

Ulaya wameanza kuliona jambo hili kisheria. Sheria yao ya Data, iliyoanza kutumika Septemba 12, 2025, inawalazimu wenye huduma za wingu kumwachilia mteja ahame na mali yake. Taarifa ambayo mteja anaweza kudaiwa kabla ya kuhama haipaswi kuzidi miezi miwili, na kuanzia Januari 12, 2027 hataruhusiwa kutozwa ada ya kuhama. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kupokea habari zake binafsi katika muundo unaosomeka na kuzipeleka kwingine. Hiyo ni habari binafsi tu: jina lako, nambari yako, picha ya uso wako. Haisemi kitu kuhusu kazi uliyoijenga. Chombo cha lahaja cha wanafunzi wangu hakikuwa habari binafsi ya mtu yeyote, isipokuwa labda sauti za wale mabibi wawili.

Hatuhitaji kungoja Bunge. Vyuo vya umma, makumbusho na serikali za kaunti hununua huduma hizi kwa zabuni na mikataba, na mkataba ni karatasi ambayo mnunuzi naye aweza kuiandika. Humo itakiwe kwamba faili zote za asili zikabidhiwe kwa taasisi siku ya kuzindua, wala si siku ya kufunga. Kwamba anwani iwe ya taasisi. Kwamba taarifa ya kufunga isipungue mwaka mmoja. Na kwamba mpangilio wa kazi utolewe kwa muundo ambao mtambo wa mtu mwingine unaweza kuusoma. Mwenye jukwaa asiyekubali masharti hayo atakuwa ametueleza mapema, kwa heshima, ni mwenye ardhi wa aina gani. Rasimu ya kifungu hicho nimeiandika kwa Kiswahili, haizidi mistari kumi na miwili, na mwezi ujao nitaifikisha mbele ya kamati ya ununuzi ya kitivo chetu, ambako nimekwisha kuonywa kwamba nitaulizwa kwanza boriti ni kitu gani.